Kibet Watatu na Chafya Moja

Siku ile haijanitoka hata leo, mwanangu. Ulikuwa na siku nne duniani. Jua lilikuwa utosini, nami nimeketi kwenye ngozi ya ng'ombe katikati ya wanawake wa ukoo wa baba yako, nimekupakata, na kwenye ncha ya kidole changu kulikuwa na ugoro.

Tulia nikueleze ulifikaje pale.

Mimi si mzee. Sina mvi hata moja na meno yangu yote yako kinywani. Maneno kama haya yalifaa kusemwa na bibi mwenye fimbo, anayepumzika kila baada ya sentensi mbili na kumwagiza mtu maji. Lakini wazee waliojua jambo hili wamekufa, na waliobaki wanakunywa pombe kwa Chifu, hawana la kusema. Basi nitasema mimi. Nilisoma kwa wamishonari mpaka kidato cha pili, mkono wangu unasomeka, na nina hasira ya kunifikisha mwisho wa daftari hili. Siku utakapokuwa mwanamume, kabla hawajakutahiri na kukupa jina la kiume, lisome. Ukishindwa kusoma, tafuta mtu akusomee ambaye hali chakula cha Chifu.

Sisi mtoto hupewa kwanza jina la saa. Wa kiume akizaliwa mchana, jua likiwaka, ni Kibet. Hakuna anayechagua, jua ndilo limechagua. Ndiyo maana ukisimama katikati ya soko la Ziwa ukaita Kibet, watageuka wanaume wa kujaza kanisa, na mbwa mmoja. Jina hilo halimwambii mtu kitu. Mwizi ni Kibet, mhubiri ni Kibet, askari na anayefungwa pingu wote ni Kibet.

Jina la pili ndilo zito. Wanawake hukaa pamoja, na mmoja aliye mkubwa huita wafu wa ukoo mmoja mmoja, polepole, huku wote wakitazama pua ya mtoto. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, mwenyewe amerudi. Wanawake hucheka kwa nguvu, hupiga vigelegele, na mambo yameisha, hata mwenye mtoto awe hakumpenda marehemu huyo. Mtoto akichelewa sana ugoro kidogo unaruhusiwa, lakini anayeuweka ni yule anayeita majina, na huuweka kabla hajaanza kuita. Ni ili mkono wa mtu usichague.

Katika nyumba ya baba yako walikuwepo Kibet watatu waliokufa. Walizaliwa na ndugu wawili, wote mchana, wakacheza pamoja na kutahiriwa karibu pamoja. Ili kuwatenganisha, watu huwataja kwa walichobeba.

Wa kwanza ni Kibet wa Ngao. Huyo alipigana na Wazungu wakati wa kujenga reli, akapigwa risasi akivuka mto, kabla Makaburu hawajafika na magari yao ya ng'ombe. Ana nyimbo. Kila mama anamtaka, na watoto watano wa ukoo wamekwisha kumpigia chafya.

Wa pili ni Kibet wa Mzigo, mdogo wake wa tumbo moja. Huyo hana wimbo. Wakati wa vita vya kwanza alichukuliwa kubebea jeshi mizigo huko kwa Mjerumani na hakurudi. Hakuna anayejua alifia wapi wala kwa nini, risasi au kuhara au njaa tu. Aliacha mke mwenye mtoto mchanga. Mke huyo ndiye Kogo, maana yake bibi, aliyemlea baba yako baada ya baba yake, yule mtoto mchanga, naye kufa. Uliwahi kulala mgongoni mwake. Huwezi kukumbuka.

Wa tatu ni Kibet wa Koti, mtoto wa baba yao mdogo. Serikali ilimpa koti la kaki lenye vifungo vya shaba na kumwita chifu. Ndiye aliyeweka kidole gumba kwenye karatasi uwanda wetu ulipochukuliwa, kutoka hapa Sisibo, ambapo Mzungu anapaita Eldoret, mpaka macho yanapochoka. Makaburu wakapima mashamba, na watu waliokuwa wakilisha humo wakaambiwa wao sasa ni maskwota, watu wa kukaa kwa ruhusa ya mwenye shamba na kumfanyia kazi.

Lakini koti hilo lilianza kwa jambo dogo zaidi, na Kogo ndiye aliyenisimulia. Wakati wa vita vile karani wa jeshi alifika bomani na orodha. Kwenye orodha kuliandikwa Kibet, basi. Wa Ngao alikuwa amekufa. Walibaki wawili. Aliyetajwa, kila mtu alijua, ni huyu ambaye baadaye akawa wa Koti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amepimwa kifua na urefu wiki ile. Karani akauliza Kibet ni nani. Yeye akanyoosha mkono, akamwonyesha binamu yake aliyekuwa anatoka kukamua, na kusema, "Kibet ni huyu." Na yule angekanaje? Jina lake lilikuwa Kibet. Alitua kibuyu, akafungwa kamba na wenzake, akaenda. Aliyebaki akawa rafiki wa karani, kisha mkalimani, kisha chifu.

Sasa fahamu hili, maana ndilo lililonimaliza. Wa Koti alipokufa, akiwa mzee mwenye ng'ombe wengi, watoto walimkataa. Kila aliyezaliwa kwenye ukoo aliitiwa jina lake, na kila mmoja alilipita akiwa amekodoa macho. Wanawake walianza kulitaja haraka haraka, kama mtu anayekanyaga makaa. Watu wakanong'ona kwamba wafu wenzake wamemfungia mlango asirudi. Mwanawe alikuwa amerithi uchifu, na mnong'ono huo ulimla. Ana watu wa kumshangilia, ana askari, ana farasi, lakini hakuzaliwa mtoto hata mmoja ambaye yeye angemwita Baba.

Mwaka uliozaliwa, tulikuwa maskwota kwenye shamba la Kaburu mmoja ng'ambo ya soko la Ziwa. Alikuwa amenunua matrekta, akauza maksai wake, na kutuambia hana kazi na sisi tena. Ng'ombe wetu kwanza, kisha sisi. Alimpa baba yako kipande chake, ile karatasi ya kazi, kimeshatiwa sahihi, akarudi kunywa chai. Palibaki mahali pamoja tu pa kwenda, Rizavu, nchi tuliyoachiwa sisi, na kuingia huko lazima Chifu akukubali na akuonyeshe pa kujenga. Chifu alikuwa amewarudisha watu wengi, hata wa ukoo wake. Nilimwona mama mmoja aliyekataliwa. Aliketi kando ya barabara ya Sisibo na sufuria zake na watoto, mvua inawanyeshea, magari ya mahindi yanawapita. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane.

Baba yako naye alikuwa na kosa kubwa kwa Chifu. Alikuwa mmoja wa wanaume waliotia kidole kwenye barua ya kupelekwa kwa Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, iliyosema kwamba Kibet wa Koti hakuwa na haki ya kutoa uwanda ule, kwamba hakutumwa na mtu. Nani angempa mtu kama huyo pa kujenga?

Nikapiga hesabu kichwani. Mimi nimesoma, nikajiambia. Mambo ya chafya ni mchezo wa wazee, Mungu hayuko kwenye pua. Lakini Chifu anaamini, na mtu akiamini kitu unaweza kumwongoza nacho kama fahali mwenye kamba. Nikimpa baba yake, atanipa kiwanja. Nilijiona mjanja kuliko ukoo mzima.

Nilichovya kidole kwenye mkebe wa ugoro wa shangazi ya baba yako alipokuwa anasalimia. Nikakunja kidole kiganjani, nikaketi.

Kogo ndiye aliyeita. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Alianza mbali, kwa wafu ambao hata yeye hakuwaona. Ulitulia tu. Akaja kwa Kibet wa Ngao, wanawake wakainama mbele, wewe ukapiga miayo, wakacheka. Kisha akainama karibu nawe, akasema, "Kibet wa Mzigo. Njoo nyumbani."

Pua yako ikakunjika, mwanangu.

Niliiona. Macho yako yakafinyika, kinywa kikafunguka, kifua kikavuta hewa. Chafya ilikuwa njiani. Mimi nikakushika kisogo nikakusukumia titi kinywani. Ulikabwa, ukakoroma, ukanyonya. Chafya ikarudi ndani. Nikasema kwa sauti, kama mama anayeona haya, kwamba mtoto ana njaa. Wanawake wakasema ngoja anyonye. Kogo alikuwa ananitazama.

Ulipoachia titi akaita jina lililofuata, haraka kama walivyozoea. Kibet wa Koti. Nikajifanya nakupangusa maziwa mdomoni, nikapitisha kidole chini ya pua yako. Ulipiga chafya tatu mfululizo mpaka machozi yakakutoka. Wanawake walitazamana kwanza, hawakuamini masikio yao. Kisha mke mdogo wa Chifu, aliyekuwa ameletwa kama mgeni, akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

Siku ya tatu Chifu alikuja mwenyewe, na mtamba mwekundu nyuma yake. Mzee mwenye mvi aliinama mlangoni mwa kibanda cha skwota, akakuamkia wewe, uliyekuwa umejikojolea, na kukuita Baba. Mimi akaniita bibi yake, maana nimemzaa baba yake, na mimi sikuwa nimemaliza miaka ishirini. Alicheka, nami nikacheka. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumejenga Rizavu kwenye mteremko mzuri karibu na kijito. Jina la baba yako lilitoka kwenye ile barua. Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi sana.

Kogo alihamia nasi. Asubuhi moja alikuwa anasafisha kibuyu kwa kijiti chenye moto, kama wanavyofanya ili maziwa yapate harufu, nami nikapita na mtungi. Akanisimamisha bila kuinua kichwa. Alisema, "Kibet wangu amechukuliwa mara mbili. Mara ya kwanza na mwanamume mwoga. Mara ya pili na mwanamke aliyesoma."

Nilijitia ukali. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, mimi ni Mkristo, siamini kwamba mfu anakaa puani mwa mtoto.

"Kama huamini," akasema, "mbona hukumwacha mtoto apige chafya yake?"

Aliendelea kusugua kibuyu. Baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, aliniambia kwamba jina linaweza kuitwa upya. Mtoto anayelia sana au anayeugua huitiwa tena, hakuna aibu. Nilichohitaji ni kusema mbele ya wanawake wale wale nilichofanya, naye angeita. Alisema hataki nipigwe wala nitukanwe. Anataka tu mume wake asibaki nje, maana wewe ulikuwa wa kwanza kumgeukia tangu afungwe ile kamba.

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri mwaka mzima. Kila nikitazama mahindi yetu na ule mteremko, nafikiri tena.

Ulipoanza kutembea, Chifu aliita baraza. Alikaa kwenye kiti chake na wewe magotini. Alikuwa amelitoa lile koti la kaki kwenye sanduku na kumwamuru fundi alikate mpaka likutoshe, lakini vifungo havikukatika, vilikuwa vikubwa kama macho ya bundi juu ya kifua chako. Watu walijaa. Wanaume wa barua walikaa nyuma. Chifu akauliza ni nani alikuwa akisema kwamba baba yake alikataliwa na wafu. Kisha akainua mkono wako, akashika kidole gumba chako kidogo, akawaonyesha. Alisema, "Mnataka kujua kama karatasi ya uwanda ilikuwa halali? Aliyeitia kidole ndiye huyu. Muulizeni."

Watu walicheka. Kicheko hicho ningependa usikisikie maishani mwako, kicheko cha watu wazima wanaoogopa. Wewe ulicheka pia, ulidhani ni mchezo. Wafu wenyewe walikuwa wamemhukumu mtu yule kwa kumkataa, na hukumu hiyo ndiyo kitu pekee ambacho Chifu hakuweza kukifuta kwa askari wala kwa Bwana DC. Mimi nilimfutia kwa kidole kimoja. Barua haikufika Sisibo. Sijasikia mtu akiitaja tena. Baba yako alirudi nyumbani akiwa mbele yangu hatua kumi, na hakula.

Ulipoachishwa ziwa, wakaja kukuchukua. Chifu hakutuma askari. Alimtuma mke wake mdogo na shuka mpya. Alisema baba hakai kwa watu, baba ana boma lake. Nikamtazama baba yako. Alikuwa anatazama kijito. Mteremko ule ulikuwa wa Chifu, nyasi zilikuwa za Chifu, na sasa hata wewe. Ulienda ukipunga mkono kwa sababu ulidhani mnakwenda sokoni.

Siku hiyo hiyo nilikimbilia kwa Kogo. Alikuwa kitandani anaugua, kifua kinapiga filimbi. Akasema nimfunge kwenye machela wambebe mpaka kwa Chifu, waitwe wanawake, mimi nionyeshe kidole changu, yeye aite. Akasema sauti ya kuita mara moja bado anayo. Nikamweleza baba yako. Akasema ni kweli, lazima tufanye hivyo, lakini tungoje mahindi yakauke tuvune kwanza, maana tukisema leo tutafukuzwa yakiwa bado mabichi na tutakula nini.

Nikakubali. Usimwandikie baba yako peke yake kosa hilo. Nilikubali, na nilikubali haraka.

Mahindi yalikuwa nusu yamekauka tulipomzika Kogo. Siku mbili kabla hajakata roho aliita majina yote kitandani, kuanzia yule wa mbali, akafika kwa mume wake akanyamaza, akageukia ukutani. Hakunilaani. Ningependa angenilaani, ningejua pa kuanzia.

Baada ya matanga nilitembea mpaka kwa Chifu. Wazee walikuwa wamezunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wewe ulikuwa kwenye kiti, na lile koti. Mke wa Chifu alikuwa ameketi chini, mbali kidogo, kwa heshima, maana wewe ni baba mkwe wake. Ulikuwa umemrushia uji nguoni naye hakuthubutu kukukanya. Nilisimama mbele ya wazee nikasema yote, kidole, mkebe, titi. Nilionyesha hata nilivyokushika kisogo. Nilisema mtoto huyu ni Kibet wa Mzigo, na kwamba ukoo huu una deni la mtu yule tangu siku aliyoonyeshwa kwa kidole akitoka kukamua.

Mzee mmoja akauliza aliyeita majina ni nani. Nikasema Kogo. Akauliza yuko wapi. Nikasema tumemzika. Akauliza ni nani mwingine aliyeona. Nikamtazama mke wa Chifu, naye akatazama uji kwenye nguo yake. Mzee akarudisha mrija mdomoni.

Chifu aliinuka, akanisindikiza mpaka mlango wa boma, taratibu, kama mwenyeji mwema. Hapo hakuniita bibi tena.

"Mama," akasema, "mimi navuta ugoro tangu nitahiriwe. Chafya tatu mfululizo najua zinakotoka. Mke wangu alikuona ukipangusa kidole kwenye nguo kabla watu hawajamaliza kucheka, na aliniambia jioni ile."

Nikamuuliza kama alijua, mbona alileta mtamba, mbona aliinama mlangoni kwangu.

"Baba yangu nilimjua," akasema. "Sikuhitaji arudi. Nilihitaji watu wamwone amerudi."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Mimi nilidhani namwongoza mtu kwa imani yake. Kumbe hakuwa na imani yoyote. Aliyeamini pale alikuwa mmoja tu, Kogo, na huyo ndiye tuliyemnyang'anya, sisi wawili wajanja.

Nilipogeuka kwenda, wewe uliyekuwa umetufuata ulimvuta Chifu mkono ukamuuliza, "Huyu ni nani?"

Akasema, "Ni mama mmoja tu, Baba. Amepotea njia."

Askari wake waling'oa nyasi za paa letu kabla ya wiki kwisha. Sasa tunakaa lokesheni, mtaa wa Waafrika hapa Sisibo, karibu na mto Sosiani. Baba yako anabeba magunia ya mahindi kwenye ghala la Mhindi, mgongo wake umeanza kupinda. Mimi nafundisha watoto wadogo kusoma kwenye banda la kanisa. Nina Kibet wanne darasani. Mwalimu mwenzangu anawaita Kibet wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kama ndoo. Mimi nimekataa. Kila mmoja namuuliza ni wa nani, na anapenda kufanya nini, na ndivyo ninavyomwita. Wananicheka. Wacheke.

Basi sikia ninachokuambia, mwanangu, na sikia vizuri kwa sababu sitakipamba.

Watakuambia wewe ni mtu mkubwa aliyerudi. Watakupa kiti chake na ng'ombe wake, na siku moja watakupa karatasi uitie kidole, kwa kuwa kidole hicho kilishazoea. Usitie. Jina halijawahi kutia kidole popote, ni mtu aliyetia. Ukisikia mtu anasifiwa kwa jina, au anatukanwa kwa jina, uliza ni yupi, na huyo alifanya nini kwa mikono yake, na nani alilipa. Waulize hivyo wakubwa wote, wa serikali na wa kanisa na hata wale wanaojiita wapigania nchi siku hizi na kutuambia wao ni Kibet wa Ngao. Ngao iko wapi? Waonyeshe.

Na jina lako likiitwa kwa ajili ya jambo baya, karani akisimama mlangoni na orodha, usimwonyeshe mwenzako. Likiitwa kwa ajili ya jambo jema lisilo lako, usiinuke pia. Hayo mawili ni wizi mmoja. Nimeufanya, naujua ulivyo, unaanza na kitu kidogo cha kukaa kwenye ncha ya kidole.

Na kama una kosa la kukiri, likiri mahindi yakiwa mabichi. Usingoje yakauke. Aliyekuwa na uwezo wa kukusamehe hatakungoja.

Wewe huna kosa. Ulikuwa na siku nne, ulitaka kupiga chafya, mama yako akakuzuia. Siku watakapokuuliza wewe ni nani, sema Kibet, kwa sababu ulizaliwa jua likiwaka, nilikuwepo. Wakiuliza zaidi, mtafute bibi yeyote mkweli wa ukoo wetu, mkalishe kwenye ngozi, mwambie aanze mbali na asiruke mtu. Usimpe ugoro. Ukubali chochote pua yako itakachosema, hata kama itanyamaza.

Mungu akutoe kwenye koti hilo ukiwa bado na mabega yako mwenyewe. Akupe njaa badala ya chakula cha mtu mwingine, na akupe mtu wa kukuita kwa jina akikupenda. Na yule mzee aliyetua kibuyu chake akaenda, popote mifupa yake ilipo, asikuone wewe kuwa ndiye uliyemfungia mlango. Aujue mkono uliofunga. Ni huu unaoandika.